Pini Mbili Zilizolala

Swali lililoninyima usingizi halikuwa la kitaalamu. Nikisema nilichokiona, Mama Hiza atabaki na kibarua chake; mimi je?

Wenzangu huandika kumbukumbu za kazi wakistaafu. Mimi nilistaafu kabla ya kuajiriwa. Nilitoka kijijini Mashewa na shahada yangu ya kompyuta kwenye bahasha, nikaja kujitolea katika ofisi moja hapa Handeni. Siku ya kwanza Afisa Utawala aliniambia, "Ajira ipo, kijana. Wewe tulia." Nikatulia, hata palipohitaji kelele.

Jumatatu moja kompyuta yake ilikosa mtandao. Akasema mhudumu wetu, Mama Hiza, ameimwagia maji akipiga deki, na asionekane tena baada ya kesho.

"Mwanangu," Mama Hiza akaniambia mlangoni, "kwa shida hii ya maji, nimwagie kompyuta?"

Kazi ya kuitengeneza nikapewa mimi. Nilianza na waya wa mtandao. Nikauchomeka kwenye kompyuta mpakato yangu, mtandao ukaja. Basi waya ulikuwa mzima, na swichi inayogawa mtandao pia. Nikaurudisha kwenye kompyuta yake: taa ya poti, yaani lile tundu la waya, haikuwaka. Nikaiweka upya programu inayoendesha poti. Kimya. Nikarudia yote, maana mimi hata mlango nikishaufunga hurudi kuusukuma.

"Msomi, unachelewa kama bomba la Handeni!" Afisa akanicheka.

Alipotoka, nikamulika ndani ya poti kwa tochi. Pini za shaba za pembeni, moja kila upande, zilikuwa zimelala. Maji hayakunji shaba. Kichwa cha waya wa simu ya mezani ndicho hufanya hivyo: ni chembamba, kinaingia, lakini kingo zake hukandamiza pini za pembeni. Na Ijumaa nilikuwa nimemkuta Afisa chini ya meza, akihamisha simu yake ya mezani, akijaribisha waya wake kila tundu.

Nikamweleza faraghani. Hakuinua macho. "Sema ni maji. Ajira yako inapita kwangu."

Asubuhi iliyofuata, wote wakiwa kwenye chai, nilisimama.

"Shikamoo, mzee. Poti imeharibiwa na waya wa simu yako. Mama Hiza hahusiki."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

Mama Hiza hakuniangalia. Aliogopa hata kushukuru. Akainama, akaendelea kupiga deki. Nikaruka palipo na maji nisimchafulie, nikachukua bahasha yangu, nikatoka.