Nyanya Juu ya Ndulele

Shamba nililopewa nilipoolewa Masafu lilikuwa limechoka kuliko mimi. Nyanya zilichipua, zikanenepa, halafu siku moja saa sita mchana zikalala chini kama walevi. Ugonjwa ulikuwa udongoni. Mume wangu akatangaza: msimu mmoja tu, kisha anapanda pamba yake. Maana yake nisingekuwa na kipande changu tena.

Nilikuwa nimemwona bwana shamba kule Tororo akiunganisha mchungwa na mlimao. Kama mchungwa hauoni haya, nyanya ni nani? Ndulele, ile tunguja chungu ya miiba, ilistawi kila mahali pale, wala ugonjwa ule haukuigusa. Nikakata miche kwa wembe, nikapachika vichwa vya nyanya juu ya mashina ya ndulele, nikafunga kwa nyuzi za mgomba. Kati ya ishirini, kumi na mbili zikashika. Nilitembea kwa maringo wiki nzima, na sijutii.

Asubuhi moja natoka kisimani, namkuta baba mkwe na jembe, eti ananisaidia. Alikuwa akipandisha udongo kwenye mashina mpaka kufunika pale nilipounganisha. Nyanya ikizikwa pale hutoa mizizi yake yenyewe, na ugonjwa unaipata. Lakini kwetu mke wa mwana hasemi na baba mkwe, wala hamkaribii. Nikamgeukia mbuzi aliyefungwa kando.

"Wewe mbuzi, pale penye kamba pasifukiwe! Zitakufa!"

Mzee hakuinua kichwa. "Mbuzi, ambia huyu mama mimi nalima tangu yeye hajazaliwa."

Akafukia shina la tano.

Niliweka mtungi chini, nikaingia shambani, nikashika mpini wa jembe. Mkono wake ulikuwa papo hapo, chini ya wangu. Tuliganda. Kisha nikakimbilia jikoni. Jioni wazee wakaamua achinjwe jogoo kuondoa mwiko. Jogoo akawa wangu, walaji wakawa wao.

Kesho yake nilikuta mashina yote matano yamefukuliwa kwa vidole, taratibu, nyuzi za mgomba ziko wazi. Nyanya zilizaa mpaka matawi yakainama, na pamba ikatafuta pengine.

Nilimpenda mzee yule. Sikuruhusiwa kumwambia. Alipokufa nililia kwa sauti kubwa kuliko wanawe wa kuzaa, watu wakasema najifanya.