Zimwi la Kwenye Nyaya za Mkonge

Vijana wanaosoma vitabu vyangu huniuliza swali lilelile: bibi mzima kama wewe, mvi zimejaa kichwani, kwa nini unaandika hadithi za mazimwi? Wengine huongeza kwamba mazimwi yenyewe hayana hata sura, nao wangependa kuambiwa meno ni mangapi na macho yana rangi gani. Hunichekesha. Wapo pia wanaume wazima walioniandikia kwamba nawachukia wanaume, ilhali hakuna mwanamume niliyemtaja popote. Hao sijawajibu mpaka leo. Kazi hii sikufundishwa shuleni. Nilifunzwa na wanawake waliokuwa wakianika mkonge kwenye shamba moja karibu na Kilosa, enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka kama kumi.

Baba alikuwa manamba, kibarua aliyeletwa kwa mkataba kutoka mbali, na alifariki kabla sijamjua vizuri. Mama akabaki kambini kwa sababu alipewa kazi ya kuanika. Chumba kilikuwa cha shamba. Ukiachishwa kazi, na chumbani unatoka. Nyuma ya chumba alipanda mihogo, na alifuga kuku watatu ambao aliongea nao zaidi kuliko alivyoongea na majirani. Nilimpenda mno. Maji ya mkonge yalimbabua mikono ikawa mikavu na yenye kukwaruza, naye alinikuna mgongo kwa mikono hiyohiyo nikitaka kulala. Sijapata mkono mwingine kama ule.

Mkonge ukishapita kwenye mashine, nyuzi zake hutoka zikiwa mbichi, kisha huanikwa juani kwenye nyaya ndefu zilizofungwa kwenye nguzo. Kila mwanamke alikuwa na sehemu yake ya waya. Kwa kuwa walisimama mbalimbali na nyapara aliyewasimamia hakuruhusu mtu kukusanyika na mwenzake, ilibidi hadithi isafiri. Mmoja alianza kusimulia kwa sauti huku akianika, na alipofika alipotaka kuishia, aligonga waya mara mbili kwa kijiti. Waya ukatetemeka, na jirani yake akajua kwamba sasa ni zamu yake. Hakuna aliyekataa kupokea. Hadithi ilianza asubuhi upande wa mashine na kufika mwisho wa mstari jua likiwa la utosi, imebadilika kabisa.

Zimwi lilikuwemo kila siku. Lilikaa katikati ya mkonge, lilikuwa na njaa, na lilipenda wasichana. Zaidi ya hapo hakuna aliyelieleza. Mimi niliona huo ni uvivu.

Wakati wa likizo nilikuwa namsaidia mama. Siku moja jirani yetu aligonga waya, na mama, aliyekuwa amechoka, akanisukuma kwa kiwiko. "Haya, pokea wewe." Nilifurahi mpaka nikasahau kazi. Nikalivika zimwi kofia. Nikalitundikia filimbi shingoni, nikaliwekea mguu wa kushoto unaoburuta. Wanawake wakaacha kuitikia, nami nikadhani wamenogewa, nikazidisha. Nikalisimamisha mbele ya wasichana na kulifanya liulize kwa sauti ya upole, "Nani atakuja kunifagilia nyumba?"

Kila mtoto wa kambi alilijua swali hilo. Ndilo nyapara wetu, mwenye kofia, filimbi na mguu uleule, alilowauliza wasichana wakubwa waliofanya kazi pale, na aliyechaguliwa alikwenda, kisha akarudi haongei. Sisi wadogo tuliambiwa tu tusipite karibu na nyumba yake. Sababu hatukuambiwa. Na nyuzi zikishaanikwa huning'inia kama mapazia, hivyo sikuona kwamba nyapara mwenyewe alikuwa amesimama upande wa pili.

Mama aliona miguu yake. Akagonga waya mara mbili, haraka.

Aliyepokea alikuwa mama mmoja mnene wa Kisanga. Bila hata kupumua, akaliongezea zimwi mkia. Wa tatu akaliwekea mdomo kisogoni. Wa nne akasema lilikuwa likiwaogopa bata, likiwaona linapanda mti. Hadithi ikakimbia kwenye waya hadi kile kiumbe kikawa hakifanani na binadamu yeyote, na wote wakawa wanacheka kicheko cha juu juu. Mikono yao haikusimama hata mara moja. Nimeshasifiwa na wasomi kwa vitabu vyangu, lakini utunzi bora kuliko ule sijauona.

Nyapara akajitokeza. Naye alikuwa anacheka. "Kumbe mna msimulizi," alimwambia mama, huku akinitazama mimi. "Kesho aje yeye kunifagilia."

"Sawa, bwana nyapara," mama akajibu. "Kesho."

Alianika mpaka kengele ya kutoka ilipolia. Jioni ile alichinja kuku wote watatu, akawakaanga kwa chumvi ili wasiharibike njiani. Alipomshika wa mwisho alilia. Alfajiri tukashika njia ya Mikumi kwa mjomba wake, mzigo mmoja kichwani pake na mmoja kichwani pangu. Mihogo tuliiacha ardhini, imebakiza mwezi mmoja tu ikomae.

Tulitembea siku tatu. Siku ya pili nilikaa chini barabarani, nikalia. Nilikuwa nimeelewa kwamba chumba, mihogo na kuku vyote vimeondoka kwa mdomo wangu.

"Mama, nisamehe. Sitasimulia tena maisha yangu yote."

Akatua mzigo, akakaa mavumbini karibu yangu, akanipa paja la kuku. "Utasimulia, mwanangu. Ila ile kofia uivue. Ukilivika zimwi kofia ya mtu mmoja, wengine wote watapita vichwa wazi, na hakuna msichana atakayekimbia."

"Na filimbi?"

"Na filimbi."

Nilicheka huku nalia, na paja lile nikalimaliza.

Ndiyo maana mazimwi yangu hayana sura. Naeleza njaa yao tu, na ule upole wa sauti yao yanapouliza. Jambo moja nilikataa kulirithi. Wanawake wa kwenye nyaya walililisha zimwi msichana kila siku, ili sisi tuogope na kuwahi nyumbani. Ninawaelewa, lakini mimi simuui mtoto kwa kosa la kupita njia. Kwenye vitabu vyangu yupo mtu anayechinja kuku wake na kuondoka na mtoto huyo.

Kitabu cha kwanza nilimsomea mama kulekule Mikumi. Alikuwa keshazeeka, na kusoma hakujua. Ilikuwa mchana, amekaa mlangoni na ungo mapajani, anachagua mchele. Nilikuwa nimeandika safari yetu, nikaligeuza shamba kuwa msitu unaotembea nyuma ya watu, na mwishoni mama na binti wanatoka salama. Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho, nikasubiri. Kusema kweli, chote nilikiandika ili yeye anisifu. Akanisifu. Alisema ile kofia nimeivua vizuri. Kisha vidole vikaendelea kupita kwenye mchele.

"Umetutoa sisi wawili," akasema. "Na kesho yake, alifagia nani?"

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza. Nikaanza kuwakumbuka mmoja mmoja, watoto wenzangu wa kambini, wale tuliokuwa tukicheza nao chini ya nyuzi zilizoanikwa. Mama hakuwa ananilaumu. Uso wake ulikuwa na upole uleule wa siku ile barabarani. Akagonga ukingo wa ungo mara mbili, akanitazama, akasubiri.