Kitu Chenye Migongo Miwili

Harufu ya majani mabichi yaliyofukiwa udongoni hunipata kila mwaka mvua zinapokaribia kuisha hapa Sumbawanga, na ikinipata nainamisha uso kama mtu aliyefumaniwa. Kwetu Mollo huo ndio msimu wa kulima matuta ya duara. Unakwatua majani marefu, unayakusanya, unayafunika kwa udongo yaozee ndani, na msimu unaofuata unayabomoa matuta na kumwaga mbegu za ulezi. Mama aliifanya kazi hiyo tangu alfajiri, mdogo wangu akiwa mgongoni, akiguna kila jembe liliposhuka. Nilikuwa darasa la sita. Nilimwona hivyo kila siku, yaani nilishaacha kumwona.

Mwaka huo tuliletewa mwalimu wa Kiswahili kutoka Mbeya, akatufundisha mashairi ya siku hizi, yasiyo na vina wala mizani. Alituambia kila mmoja achague kitu alichokizoea, akitazame kama mgeni, akieleze bila kukitaja jina. Wenzangu wakaandika kuhusu kinu na mafiga. Mimi, kwa kiherehere changu, nikamwandika mama:

Kitu kimeinama, uso hakina.
Kina migongo miwili.
Kinaguna, kinafukua,
kimesahau kwamba kuna mbingu.

Mwalimu alilisifu mno, nami nikavimba kichwa. Akaamua nilisome siku ya wazazi, na hapo kiburi kikaniisha, maana mama asingekosa.

Alikaa benchi la mbele, na kitenge chake cha kanisani. Nilisoma bila kumtazama. Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Kwa wazazi wetu, kitu kinachoelezwa bila kutajwa ni kitendawili tu, basi mzee mmoja akaniambia, "Rudia, binti, tupate." Nikarudia. Wakaanza kutegua: fisi, kobe, ng'ombe mwenye nundu. Mwalimu alijaribu kueleza kwamba hilo ni shairi, lakini nani wa kumsikiliza? Wakataka niseme jibu. Ningewaambiaje kwamba kile kitu kisicho na uso ni huyu mwanamke aliyekaa mbele yao? Ndipo mama akasimama. "Ni nguruwe," akasema, "anafukua viazi, na mwanawe kampandia mgongoni." Watu wakacheka sana. Akanitazama. "Nimepata, mwanangu?"

"Umepata, mama."

Wakampigia makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilirudi kukaa nikiwa nimepumua.

Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu, na mashairi yale yale nayafundisha. Mashamba mengi ya Mollo yanalimwa kwa ng'ombe, yamekuwa tambarare, matuta ya duara ni ya kutafuta. Mgongo wa mama haunyooki tena. Kwa miaka yote hii nimeandika mashairi mengi, na kila sifa niliyopewa imenikumbusha ile siku. Mwezi uliopita nilikwenda kwake nikiwa nimeamua kulisema. Nilimkuta anapeta ulezi. Nikamwamkia, nikakaa chini karibu naye, nikamwambia kwamba kile kitu hakikuwa nguruwe.

Hakuinua kichwa. "Nilijua uliposoma ule mgongo wa pili," akasema. "Nilitaja nguruwe ili mwingine asije akapata." Akapuliza makapi, akayaacha yaende na upepo. "Ila nilipokuuliza kama nimepata, nilidhani utakataa."