Koti la Kidogo

Kila mwaka, joto la Maskati likianza kulegea na watu wakaanza kuzima viyoyozi usiku, mimi hufungua sanduku la mablanketi, na ile harufu ya nafthalini ikinipiga puani basi nimekwisha. Sipo tena kwenye nyumba yangu ya Azaiba. Nipo Hail, nyumbani kwetu, nimepiga magoti sakafuni mbele ya cherehani ya Bibi, napimwa koti la mbwa.

Ngojeni niwaeleze, msije mkanidhania nimerukwa na akili.

Baba alizaliwa Unguja, akaja Maskati akiwa kijana, akaoa kwa watu wa jangwani. Babu mzaa mama alikuwa akifuga saluki, wale mbwa wembamba wa kuwindia, miguu mirefu, masikio yana manyoya marefu kama nywele za msichana aliyetoka kuoga. Kwa watu wale saluki hauzwi. Hutolewa zawadi kwa mtu unayemheshimu, na zawadi hiyo haikataliwi. Basi Baba alipewa mke, na fungate halijesha akapewa mbwa wawili pia, dume na jike. Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akikaa nasi, alilisimulia jambo hilo kama msiba. "Wenziwe wameoa wakaletewa makochi," alikuwa akisema. "Mwanangu mie kaletewa mbwa."

Mbwa wakazaana. Mimi nilipopata akili, nyuma ya nyumba palikuwa tayari na banda refu lenye feni na paa la makuti, na Bibi hakuwahi kulikanyaga. Tulikuwa na nguo zetu za bandani, na kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na ndoo ya maji na kopo la mchanga wa kujitoharisha. Asiyepita hapo haingii jikoni. Mbwa akimkaribia, Bibi alikusanya buibui lake akamwambia kwa adabu kabisa, kama anavyoambiwa mgeni aliyekuja saa mbaya, "Baba, nenda zako, mie nna udhu."

Sasa mtaniuliza, koti la mbwa Maskati la nini? Kwa Hail, kweli, halina kazi. Lakini siku za baridi sisi tulikuwa tunahamia kwenye hema la Babu, huko mchangani Bidiya, na kule jua likishatua baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Saluki hana mafuta mwilini wala manyoya ya maana. Kwa hivyo kabla ya safari nyumba nzima ilikuwa mbioni. Baba aliwapeleka mbwa pwani alfajiri kukimbia, watoke uvivu wa kiangazi. Mama aliwapaka hina kwenye nyayo ili ngozi iwe ngumu, nao wakalala ubavu, miguu wameinyoosha, wametulia kama maharusi. Na Bibi aliwashonea makoti ya mablanketi makuukuu, bitana yake kanzu za Baba zilizochakaa. Hakuna aliyethubutu kumwomba. Alisema mwenyewe, kama ni lazima mbwa wawepo, basi wasimwaibishe kwa wakwe.

Shida ilikuwa vipimo. Bibi mbwa hamgusi, na vipimo vya kuletewa na Baba havimtoshelezi, kwa sababu Baba kwa maoni yake hakuwa akijua kupima hata pazia. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa mwembamba, mgongo mrefu, na Bibi aliona nafanana nao vya kutosha.

"Piga magoti. Mikono chini. Mkia unaanzia wapi?"

"Bibi, mimi sina mkia."

"Kisia. Na usicheke, unaniharibia kipimo."

Alinipima kutoka shingoni mpaka kiunoni, akazungusha utepe kifuani, halafu akapunguza kidogo kwa huyu, akaongeza kidogo kwa yule. Na makoti yakiwaenea, wallahi, kama walikwenda wenyewe kwa fundi.

Mwaka niliokuwa darasa la tatu, jike mmoja mkubwa alizaa joto lilipokuwa linaishia. Watoto wanne walikuwa wazima na walafi. Wa tano alikuwa kama soksi iliyolowa. Wenzake wakimsukuma, ziwa likimponyoka, naye anabaki kutikisa kichwa tu. Baba akasema huyo asipewe jina mpaka tuone. Mimi nikamwita Kidogo siku hiyohiyo.

Nilimlisha maziwa ya mbuzi kwa chupa, nimekaa bandani na gauni langu la bandani lenye madoa. Siku moja ananyonya vizuri, siku mbili anatapika. Daktari wa mifugo kule Ghubra alimtazama, akasema tumweke kwenye joto na tungoje. Baba alinichukua pembeni akaniambia polepole, "Usimtie sana moyoni, mwanangu." Alikuwa na nia njema, lakini mimi tangu hapo chakula hakikunipita. Sahani ya wali ikija na kurudi vilevile. Mama akabembeleza, Baba akakaripia, wapi. Nilikuwa nikiogopa kwamba nikiinuka tu bandani, ndipo atakapokufa.

Alasiri moja Bibi akaniita. "Njoo nikupime."

"Makoti si yamekwisha, Bibi?"

"La huyo mdogo je?"

Nilipiga magoti haraka kuliko siku zote. Akanipima urefu wote, kifua chote, na safari hii hakupunguza hata inchi moja. Nikamwambia Kidogo anaingia kwenye kiganja. Akaniambia yeye ameshika mkasi kabla mama yangu hajazaliwa, nimwache afanye kazi yake. Jioni koti likawa tayari, la blanketi la buluu, limetiwa vishikizo viwili. Nilipomvika Kidogo, alipotea mlemle. Palionekana pua tu. Nikaja juu, nikamwambia Bibi amelikosea, hili ni koti la mbwa mzima.

"Basi mlishe mpaka limwenee," akasema. "Kila Ijumaa mvishe, uje uniambie limebaki kiasi gani. Na weye ukianguka kwa njaa, nani atakayemshikia chupa?"

Akanisogezea mkate wa kumimina na chai ya maziwa. Nilikuwa bado nimenuna, lakini nikala. Kesho yake nikala tena, kwa kuwa nilikuwa na kazi. Kila Ijumaa nilisimama mlango wa nyuma kwa mbali na Kidogo ndani ya koti lake, nikionesha kwa vidole palipobaki, na Bibi kutoka jikoni akitikisa kichwa kwa uzito kama fundi wa harusi. Bidiya tulikwenda naye, koti limekunjwa mara mbili. Alikohoa njia nzima, nami nikamshikilia njia nzima. Baridi ikaisha, yeye yupo. Mwaka wa pili koti lilimkaa sawasawa, na wa tatu likambana, kwa kuwa Kidogo alikuja kuwa mrefu kuliko mbwa wote wa banda letu. Mbio hakushinda hata siku moja, mvivu yule.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba Bibi yangu alijua kuwa mbwa yule atapona, wakati Baba na daktari wameshakata tamaa. Nilipokuwa mkubwa, nimeshazaa, macho ya Bibi hayaoni tena tundu la sindano, nilimuuliza alijuaje.

"Nnajua wapi mie mambo ya mbwa?" akasema. "Mie nlikuwa nnakutazama weye. Mtoto hali, kabaki macho tu. Nkasema ntampa kitu cha kungojea, ale."

Msimu ule mzima nilidhani kwenye nyumba yetu kuna mdogo mmoja tu anayelishwa kwa hila. Mwanangu alikuwa amelala mapajani pangu, nami nikaona ninavyoogopa kwa ajili yake kila akipata homa, nikajua Bibi naye alikuwa akiogopa.

"Na kama angekufa, Bibi?"

"Ungelia," akasema. "Lakini ungelia umeshiba."