Niliosha kibuyu cha Gogo, mjukuu wake akalazwa

Wakuu, habari za huko mliko. Hii nimekaa nayo kifuani miezi kadhaa. Sijaongeza chumvi, na pale nilipokosea mtaona.

Shule niliachia darasa la saba. Nimechuna chai Kericho, nimechoma matofali Ndanai, sikai mahali. Mwisho nikatua karibu na Silibwet, nikapanga chumba kwa mama mzee Mkipsigis. Sote tulimwita Gogo, yaani nyanya.

Mimi ni wa upande wa Kisii, lakini alinilisha kama wake.

Mjukuu wake Cherono, miaka mitatu, alikuja kila jioni kunywa mursik. Kwa wasiojua, ni maziwa yanayogandia kwenye kibuyu. Ndani ya kibuyu husuguliwa mkaa wa mti maalum, na kikishasuguliwa hakitiwi maji tena.

Hiyo ya maji mimi sikuijua.

Wiki moja Cherono akaanza kuhara damu. Hospitali wakasema hata figo zimeguswa. Mama yake, Chelangat, akaja kuchukua nguo za mtoto, akasimama mlangoni kwa Gogo.

"Gogo, nisamehe. Lakini mtoto wangu hataonja tena kitu cha mkono wako."

Gogo alitoa vibuyu vyake vyote vitano akavipanga nje avichome. Nilimwomba angoje, maana hospitali ilisema watu wa maabara wanakuja kuchukua sampuli.

Walikuja. Daktari mmoja dada mpole, mimi nikambebea sanduku la barafu. Tulichukua sampuli kwa vibuyu, kwa tanki la maji, hadi mtoni. Nilimuuliza maswali njia nzima. Akacheka, "Wewe ungekuwa mwanafunzi wangu ningestaafu mapema!"

Baada ya wiki kadhaa akarudi na laptop. Cherono alikuwa ameruhusiwa kutoka, amekonda, yuko mgongoni kwa mama yake. Chelangat alikuja kusikia majibu, lakini alikaa mbali na Gogo.

Daktari akatueleza hivi. Bakteria aitwaye E. koli anaishi tumboni mwa kila mtu, na wengi hawana neno. DNA yake ni kama shamba la chai, mistari imenyooka. Halafu katikati unakuta kipande cha mahindi. Hakikuota hapo, kilitoka kwa bakteria mwingine. Hicho kinaitwa kisiwa cha jenomu, jenomu ikiwa ni hiyo DNA yote kwa jumla.

"Na huyu aliyemlaza mtoto, maelekezo ya kutengeneza sumu yako kwenye kisiwa."

Akapanga mistari ya rangi kwenye skrini, mmoja chini ya mwingine, kila mstari DNA ya sampuli moja. Vibuyu vinne: E. koli wa kawaida, hakuna kisiwa. Kibuyu cha tano, choo cha mtoto na maji ya mto: kisiwa kilekile, mahali palepale.

"Gogo, kibuyu hiki uliosha na maji ya mto?"

"Ya mto? Mimi nateka tanki. Na kibuyu nikishapaka mkaa siweki maji."

Wakuu, hapo nikakumbuka.

Jumapili moja kabla mtoto hajaugua, Gogo akiwa kanisani, niliona kile kibuyu ni cheusi ndani. Nikadhani ni uchafu. Nikakipeleka mtoni, nikakisuuza vizuri, nikakirudisha. Macho yake hayaoni sana. Nilitaka kumsaidia kimyakimya.

Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini Gogo alikuwa anaangalia mikono yake kama imemkosea.

Nikasema. Yote.

Chelangat akamshusha mtoto mgongoni, akamweka kwenye mapaja ya Gogo, akakaa chini karibu naye.

"Nimekuonea, mama," akasema.

Gogo akamshika mtoto. Nilipoinuka kwenda kufunga begi langu, Gogo akaniita.

"Weri, unaenda wapi?" Weri kwa Kikipsigis maana yake kijana.

"Gogo, nimewaumiza."

"Umetuumiza. Sasa ukienda, nani atafundishwa kutunza vibuyu? Keti."

Nikaketi. Bado niko hapa.

Nilichojifunza: kabla ya kusaidia, uliza. Na kabla ya kumlaumu mzee, acha wenye vipimo wamalize.

Nani kati yenu amewahi kuumiza mtu kwa nia njema, na mlisameheana vipi? Andikeni hapa chini. Cherono anacheza mlangoni, na Gogo ameniambia nimsomee kila jibu.