Mwalimu wa Neno Moja

Hata nikila yamini hamtaniamini, Makame aliwaambia wenzake pale mashine ya mpunga, Ubaruku: mwalimu mstaafu yule pale ameandika daftari zima juu ya neno moja la Kiingereza, get. Miaka tisa. Daftari halitoki kwapani, na hafunui ukurasa bila kulamba kidole gumba chenye wino. Husimulia taratibu, kama anayetaja ukoo wake, kwamba neno lilivuka bahari na watu wa kaskazini likiwa na maana ya kupata tu, Waingereza wakalitwika kufika, kuelewa, kuugua, kuzeeka. Mwaka jana alilipeleka daftari kwa mchapishaji mmoja Mbeya, lakini kwanza aligandisha baadhi ya kurasa kwa punje za wali, kama watu wanavyofunga bahasha. Anayesoma lazima azibandue. Lilirudi na barua: “Tumelisoma kwa makini.” Mwalimu alipitisha kidole gumba pembeni mwa kurasa.

“Kurasa mia nne, zote zimegandana,” Makame alisema. “Mimi niliyelisoma neno kwa neno, nilimwona mzee akilia mpaka—”

“Kumi na mbili, shemeji,” mwalimu alisema bila kuinua macho. “Na nilipokuazima wewe, ulinirudishia zimegandana vilevile.”