Gia ya Umri Wake

Siku yangu ya kwanza gereji nilipewa fagio. Ilikuwa Arua, chini ya kilima, mwaka wa sabini na moja. Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto watatu na darasa la pili tu kichwani. Bwana Stoo, Mhindi mwenye kikohozi, aliniona nikiokota nati sakafuni na kurudisha kila moja kwenye mkebe wake bila kusoma kibandiko. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia vidole vimejua. Tangu hapo akaanza kunifundisha: bushi ni soksi ya chuma, inavalishwa ili chuma kisisugue chuma, gasketi inakaa kati ya vyuma viwili ili mafuta yasivuje, beringi unaizungusha karibu na sikio, ikikohoa kama yeye, tupa.

Mwaka uliofuata Wahindi wakaambiwa waondoke. Bwana Stoo aliniwekea ufunguo wa stoo mkononi, akasema, "Mama Zaituni, kikombe changu cha chai kiko rafu ya juu. Kitumie." Sikumwona tena.

Akaja Fundi Mkuu, Mnubi mwenzangu, mtu wa haki lakini mkavu. Spea zilikuwa zimekoma kuja, stoo inaisha mbele ya macho yangu. Alikuwa na shemeji yake aliyesoma mpaka darasa la saba, na kila nilipokosea alinitajia huyo shemeji.

Ndipo Afande alipoleta gari lake. Huyu alikuwa sajini mstaafu wa jeshi la Waingereza, mtu wa Koboko. Gari lenyewe lilikuwa jeusi, la Kiingereza, la mwaka wa hamsini na mbili, na gia yake namba mbili, ile ya kupandia mlima, ilikuwa imevunjika meno matatu. Mafundi wakamshauri wapachike gia-boksi nzima ya pikapu. Afande akakataa.

"Mimi meno yangu imebaki sita," akasema, "na hakuna hata moja ya mtu mwingine. Gari yangu pia, gia iwe ya umri wake."

Fundi Mkuu akanigeukia. Akasema nitafute, na nikileta isiyoingia, ufunguo wa stoo anampa shemeji. Aliyasema mbele ya watu, kwa hiyo nilijua hatarudi nyuma.

Gia ya namna hiyo ingepatikana Aru tu, upande wa Kongo, kwa fundi mmoja aliyekuwa akikatakata magari mabovu ya Wagiriki. Usukani wao uko kushoto, wetu kulia, lakini tumboni gari ni lile lile. Shida ilikuwa njiani. Chuma cha gari kikiingia nchini, askari wa kizuizini walitaka chai tu, wanakuachia. Kikitoka, watasema umekifungua kwenye gari la jeshi, na hapo hakuna wa kukutetea. Kwa hiyo gia sikuibeba. Nilibeba sura yake. Nilichukua udongo wa vyungu, nikaikandamiza gia ndani, nikaitoa, nikauanika udongo mpaka ukawa mgumu, nikauficha chini ya kapu la muhogo.

Fundi wa Aru akamwaga gia zake chini, akajaribu moja moja, mpaka moja ikalala kwenye ule udongo kama yai kwenye kiota. Nikarudi nikiimba.

Fundi Mkuu akaitia. Ilikuwa ndogo, meno hayakufikia meno ya mwenzake. Mafundi wakacheka.

Mama yangu, mfinyanzi wa Aroi, ndiye aliyenitoa ujinga. Nilimweleza yote.

"Umekula kwa udongo, umevaa kwa udongo," akasema, "na hujui udongo ukikauka unapungua? Unafikiri vyungu vyangu nafinyanga vya ukubwa gani?"

Kweli kabisa. Tangu utoto niliona chungu kikikauka kinakuwa kidogo kuliko kilivyofinyangwa. Lakini mbele ya chuma nilijiona fundi, nikasahau ninatoka kwa nani.

Nikamwomba Fundi Mkuu siku tatu kabla hajampa shemeji ufunguo. Akasema mbili. Nikamwambia mbili ni za kwenda na kurudi.

"Basi bado umesimama hapa kufanya nini?"

Nikanunua nta ya nyuki kwa warina asali waliotoka Omugo. Niliipasha kidogo tu, nikaipaka gia mafuta ya simsim isigandie, nikakandamiza. Nta haikupungua, lakini jua letu lingeiyeyusha. Nikaifunga kwenye jiwe isielee, nikaizamisha kwenye chungu cha maji, nikajitwika. Kizuizini askari akauliza iko nini ndani. Nikasema iko maji. Akachota kikombe, akanywa.

"Mama, maji yako iko na harufu ya asali."

"Bahati yako," nikamwambia. Akachota cha pili, akanipitisha.

Fundi wa Aru alichekelea alipoona nta, akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Mama, ile ya kwanza ulibeba ilikuwa ya gari ya mutoto. Hii njo yenyewe." Akanitolea gia nyingine, nzito, pana.

Fundi Mkuu akaifunga, akaingia garini na Afande, wakaelekea kilimani. Mimi nilibaki barabarani chini, nikisikiliza. Gia mbaya inalia, gia nzuri haisemi. Walipanda mpaka juu kwenye ofisi za serikali, sikusikia kitu. Waliposhuka Fundi Mkuu hakunisifu. Alisema nifungue stoo, watu wanasubiri.

Niliushika ufunguo ule mpaka vita vya sabini na tisa. Tulikimbia mpaka Koboko, na huko Afande akatupakia mimi na watoto wangu kwenye lile gari lake jeusi, tukaelekea Sudan. Kabla ya mpaka petroli ikaisha. Tulishuka, tukatembea. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, barabarani, bila barua.

Sasa nina wajukuu wanaouza spea Arua mjini, wananiuliza kama sikusikitika kuacha gari zuri vile kwenye majani. Nilisikitika sana. Lakini waandike vizuri wanapoandika habari zangu: tuliliacha kwa kukosa petroli. Gia namba mbili ilikuwa inaingia.